Mpe mgeni shida yake kabla hajafika mjini

Swali la msomaji wa Karatu, kwa ufupi: "Nataka kutengeneza filamu fupi ya vichekesho, dakika 20, kuhusu Mhadzabe anayeingia Arusha kwa mara ya kwanza. Nimekua nikiangalia ile ya Bushman na chupa ya soda, na baadaye nikaona ile ambayo yuko Hong Kong. Nina kamera moja, wasaidizi wanne na wiki moja. Nifanyeje watu wacheke bila kumdhalilisha mhusika? Na wale walifanyaje?"

Ndugu yangu, anza kwa kuirudia ile filamu ya chupa, The Gods Must Be Crazy, ukiwa na kalamu na saa. Andika kila dakika ambayo Xi, yule mwindaji, yumo ndani ya mji mkubwa. Ukurasa wako utabaki mweupe. Tunaikumbuka kama filamu ya mtu wa porini mjini, lakini mji wenye maghorofa na foleni unaonekana mwanzoni tu, na yeye hayupo. Kwingine kote anakutana na vipande vya mji vilivyomfuata porini: chupa iliyotupwa kutoka kwenye ndege ndogo, gari bovu, mbuzi mwenye mwenyewe, polisi, mahakama, jela. Jamie Uys, aliyeiandika, kuiongoza na kuihariri, aliitoa Afrika Kusini mwaka 1980, ikaingia sinema za Marekani mwaka 1984. Ilipata watazamaji wengi kuliko filamu yoyote iliyokuwa imewahi kutoka nchini humo. Kwa hiyo hukosei kwenda kujifunza kwake. Ila jifunze mambo mawili kwa pamoja, ufundi wake na uongo wake, maana vimeshonwa kwa uzi mmoja.

Ufundi kwanza. Dakika za mwanzo zinatumia sauti ya msimuliaji wa filamu za wanyama, ile sauti tulivu inayoeleza maisha ya swala au mchwa. Sauti hiyohiyo inahamia mjini na kuanza kuwaeleza watu wa ofisini kana kwamba nao ni viumbe wa porini: saa fulani lazima waonekane wana shughuli, saa fulani wanaruhusiwa kupumzika, kisha tena washike shughuli. Mama mmoja anapanda gari ili kupeleka barua kwenye sanduku lililo hatua chache kutoka kwake. Kabla mgeni hajatokea, mwenyeji amekwisha kuchekwa. Huo ndio mpangilio unaokulinda usimdhalilishe mtu wako: mtazamaji acheke mji kwanza, naye ajicheke humo. Ukianza na Mhadzabe anayeshtuka kuona bodaboda, umemwambia mtazamaji wa Arusha kwamba yeye ni mjanja, na kuanzia hapo kila kicheko kitamwangukia mgeni.

Pili ni safari yenyewe. Xi haendi kokote kutembea au kushangaa. Chupa imewafaa watu wake: wanatwangia, wanakunjulia ngozi ya nyoka, wanaipuliza itoe muziki. Kwa kuwa ni moja na haigawanyiki, ugomvi unaingia pale ambapo kila kitu kilikuwa kinagawanywa. Anairusha juu airudishe ilikotoka, inarudi chini. Ndipo anaamua kwenda kuitupa kwenye ukingo wa dunia. Angalia mantiki ilivyonyooka: kitu kimeanguka, kimeleta madhara, hakirudi juu, basi kipelekwe mwisho wa nchi. Hata mtoto anaelewa, na hakuna ujinga ndani yake. Kila anayekutana naye njiani anamzuia kwenye kazi ambayo sisi watazamaji tunaijua na wao hawaijui. Kicheko kinakaa katika pengo hilo.

Kwa hiyo, kabla hujaandika tukio moja la mjini, jibu kwa sentensi moja: Mhadzabe wako anafuata nini Arusha? "Kuona mji" haitoshi. Nakupa mfano, uuchukue au uutupe. Ameuza asali kwa mchuuzi aliyefika kambini, na asali ilikwenda na dumu la njano la lita 20. Mchuuzi aliahidi kulirudisha. Msimu mwingine umefika, mizinga imejaa, dumu halijarudi. Anakwenda kulifuata. Sasa tazama Arusha kwa macho yake: mji mzima una dumu lake. Yako kwenye mikokoteni ya maji, yamepangwa foleni bombani, yananing'inia mbele ya maduka ya mafuta ya taa, watu wameyakalia. Yeye analijua lake kwa alama ya moto karibu na mpini, sawa na mfugaji anavyomjua ng'ombe wake. Mji haujui alama, unajua dumu tu. Hapo humhitaji hata mara moja awe mjinga, kwa sababu katika filamu nzima yeye ndiye peke yake anayejua anachokitafuta.

Kanuni inayofuata ndiyo ngumu na ndiyo ya kushika kuliko zote: kila kosa la mgeni litoke kwenye ujuzi alio nao, lisitoke kwenye ujuzi asio nao. Xi anapompiga mbuzi mshale mdogo wa sumu hafifu, anafanya anachokijua vizuri kuliko mtu yeyote kwenye fremu, na nyama iko tayari kugawiwa hata na kijana anayechunga. Polisi anapoichukua, kwa Xi huyo ni mtu asiye na adabu ya kula na wenzake. Ana haki kwa sheria yake, polisi ana haki kwa sheria yake, na mbuzi amekwisha kufa.

Tuone kwako itakavyokuwa. Wahadzabe hupiga mluzi kumwita yule ndege anayeongoza watu kwenye nyuki. Ndege huitikia kwa mlio wa harakaharaka, huruka mti hadi mti, na asali ikishatolewa hula nta na majana yaliyobaki. Mtu wako anashuka stendi. Kelele, vumbi, watu mia. Anasimama, anapiga mluzi mmoja mrefu. Mpiga debe anageuka: amesikia abiria. Anaitikia kwa maneno ya harakaharaka, anamshika mkono, anakwenda mbele hatua tano, anageuka kuhakikisha anafuatwa, anaita tena. Kila anachofanya ni kile afanyacho ndege, na mtu wako anafuata kwa utulivu wa mtu aliyefuata ndege mamia ya mara. Anapakiwa kwenye basi la Moshi. Mpiga debe anapokea chake kwa kondakta. Mtu wako anaona fedha inabadilisha mikono na anatikisa kichwa kwa kuridhika: ndege amepata nta yake, basi asali iko karibu.

Tukio hilo lina shoti sita. Usiongeze ya saba. Shoti ya kwanza iwe pana, mtu mzima aonekane kuanzia unyayo, stendi yote nyuma yake. Ya pili, mluzi, fremu ya kifuani. Ya tatu, mpiga debe anageuka, kutoka mbali. Ya nne ni ndefu, sekunde kumi na tano au zaidi, kamera imetulia kwenye miguu yake mitatu, wawili wanapita kutoka kulia kwenda kushoto wakisimama na kuendelea. Ya tano ni mkono wa kondakta na fedha, karibu kabisa. Ya sita, uso wake dirishani, basi linaondoka. Kamera ikae kwenye usawa wa macho yake kila wakati. Ukimpiga kutoka juu, unamfanya mtoto. Ukimaliza kila shoti ya kichekesho, acha kamera iendelee sekunde tatu baada ya tendo kuisha. Watu hucheka baada ya tendo, na mhariri asipokuwa na sekunde hizo atakata juu ya kicheko.

Kichekesho cha vitu kina utaratibu wake, na pale Uys alikuwa fundi kwelikweli. Chukua ile Land Rover ya mtafiti aliyemo kwenye filamu ya chupa. Breki hazishiki, na injini ikizimwa haiwaki. Mambo mawili tu. Sasa mpe dereva geti la kufungua. Hawezi kuzima, hawezi kusimama, lazima ashuke, aweke jiwe chini ya gurudumu, akimbilie geti, arudi kabla gari halijamtangulia. Mtazamaji ameelezwa kasoro mapema, kwa hiyo anaona maafa kabla ya dereva. Baadaye winchi inalivuta gari lenyewe juu ya mti, nalo linabaki linaning'inia. Kila hatua imezaliwa na ile iliyotangulia. Komedi nyingi fupi za kwetu zinaanguka hapa: mtu anateleza, kisha anamwagiwa maji, kisha anafukuzwa na mbwa, na hakuna tukio lililomzaa mwenzake. Kwenye hadithi ya dumu, panga hivi: mara ya kwanza anakagua madumu manane ya muuza maji mmoja mmoja, foleni bombani inazidi kuwa ndefu. Mara ya pili wale wa foleni wamemwelewa vibaya, wanadhani ni mkaguzi wa maji, wanampangia madumu yao wenyewe. Mara ya tatu analiona lake, limekatwa katikati, limepandwa mchaichai mbele ya kibanda cha chai. Mara tatu zinatosha.

Dumu litunze kama mhusika. Nunua matatu yanayofanana, uyachome alama moja kwa chuma kilichopimwa, sentimita tano kutoka kwenye mpini, upande uleule. Moja litapotea, moja litakatwa. Na mwigizaji asibebe dumu tupu akiigiza kwamba limejaa. Lita 20 za asali ni karibu kilo 28, na bega la mtu haliwezi kudanganya uzito huo. Tia maji lita 8 hadi 10, mwili utafanya kazi yake wenyewe.

Sasa kasi. Umeona watu wanavyokimbia kwa mikiki kwenye filamu ile, kama sinema za kimya za zamani. Filamu ya mkanda huonyeshwa fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde. Ukipiga fremu 16 au 18 kwa sekunde kisha ukaonyesha 24, kila kitu kinaharakishwa. Kamera yako ya kidijitali inafanya vilevile kwenye kuhariri, lakini wengi wanaharibu: wanapiga kwa shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya kawaida ya 1/50 ya sekunde, wakiharakisha picha inakuwa ya kukatakata kama mwanga wa disko. Sababu ni kwamba fremu zinadondoshwa, na ule ukungu wa mwendo ndani ya kila fremu unabaki mdogo kuliko mwendo unaoonekana. Dawa ni kupunguza kasi ya shata mapema. Ukitaka kasi ya asilimia 150, piga fremu 25 kwa sekunde na shata karibu na 1/33. Ukitaka asilimia 200, weka 1/25. Ndani ya nyumba usitumie 1/30: umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na mistari itapita kwenye picha. Kaa kwenye 1/25 au 1/50. Nje, jua la mchana na shata ya 1/25 vitaunguza picha. Kwa ISO 100 (usikivu wa kamera kwa mwanga) na kipenyo cha lenzi cha f/5.6 utahitaji kichujio cheusi cha kupunguza mwanga, cha hatua tano, kile kinachoandikwa ND32. Usifikirie kwamba utarekebisha kwenye kompyuta, nyeupe iliyoungua hairudi.

Na nini kiharakishwe? Mji. Foleni, wapishi wa chipsi, makarani wanaopiga mihuri. Mgeni wako abaki kwenye kasi yake ya kawaida daima. Uys alichanganya, akaharakisha karibu kila mtu, na kwa maoni yangu pale alipomharakisha Xi anayekimbia ndipo mtu alipogeuka katuni. Wewe una nafasi ya kufanya vizuri zaidi yake kwa uamuzi huo mmoja.

Tumefika kwenye uongo. Filamu inasema watu wa Xi wanaishi Kalahari bila kujua kwamba kuna watu wengine duniani, hawana mali, hawana ugomvi. Aliyemwigiza Xi ni N!xau ǂToma, mtu wa kabila la Waju/'hoansi, wa Tsumkwe, kaskazini mashariki mwa Namibia, aliyekuwa amefanya kazi ya upishi shuleni. Tsumkwe ya wakati ule ilikuwa makazi yaliyowekwa na utawala wa Afrika Kusini. Watu walikuwa wamebanwa kwenye ardhi ndogo kuliko ile waliyoizoea, wakiishi kwa unga wa mgao, kifua kikuu kikiwasumbua, na jeshi la Afrika Kusini likiwaandikisha vijana wao kupigana na SWAPO, chama cha ukombozi wa Namibia. Haya si maneno ya kuambiwa: John Marshall, aliyekuwa akiwapiga picha Waju/'hoansi tangu miaka ya 1950, alitoa filamu yake ya kweli mwaka huohuo wa 1980 kuhusu mwanamke aitwaye N!ai, na humo unaona kikosi cha Uys kikipiga picha zake palepale. Ukiziangalia mbili hizo siku moja, hutaiona tena chupa ile kwa macho ya zamani. Nje ya nchi filamu ya Uys ilitambulishwa kama ya Botswana, wakati nchi nyingi zilikuwa zimeisusia Afrika Kusini. Wapigania uhuru waliomo wamefanywa wapumbavu wasiojua kufyatua bunduki. Kwa msomaji wa Tanzania, nchi iliyowapa ANC ardhi ya Mazimbu kujenga shule, hilo halipiti hivihivi.

Kwa nini uongo huo unakuhusu wewe mwenye kamera moja? Kwa sababu utajaribiwa kuurudia. Wahadzabe wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi wanapokea magari ya watalii karibu kila siku ya msimu. Simu wanazijua, soda wanaijua, shilingi wanaijua. Ukimfanya Mhadzabe aruke kwa hofu aonapo kioo, mtazamaji wa Mang'ola atajua unadanganya, na Mhadzabe atajua zaidi. Sema "hajawahi kufika Arusha", hiyo inaweza kuwa kweli ya mtu mmoja. Usiseme "hajawahi kuona gari". Na usiwaunganishe kwa kukurupuka na wale wa Kalahari. Kihadza kina sauti za ulimi, lakini ni lugha inayosimama peke yake. Kina aina tatu za sauti hizo, wakati lugha ya N!xau ina nne. Neno lenyewe Bushman liache kwenye mabango ya zamani. Hata "San" ni jina walilopewa na majirani zao Wakhoekhoe, tena si kwa heshima, ingawa leo wengi wanalikubali kama jina la pamoja. Wenyewe hupenda kutajwa kwa kabila: Waju/'hoansi, Wakhomani, Wahai//om. Hapo kwenu ni Wahadzabe.

Mhusika aigizwe na Mhadzabe na aongee Kihadza. Kumchukua mchekeshaji wa mjini akapigapiga ulimi ovyo ni kosa ambalo halitibiki kwenye kuhariri. Na kosa kubwa la Uys usilirudie: Xi anaongea filamu nzima, lakini msimuliaji ndiye anayetuambia anachofikiri. Tunasikia sauti yake bila kusikia maneno yake. Tumia maandishi ya chini. Mistari miwili, herufi zisizozidi 38 kila mstari, yakae angalau sekunde moja na nusu, na upime kwa herufi 13 hadi 15 kwa sekunde ili msomaji wa kawaida ayamalize. Tafsiri ifanywe na Mhadzabe anayejua Kiswahili vizuri, baada ya kupiga picha, kwa kusikiliza kilichosemwa hasa. Waigizaji wasio wa kazi huboresha mistari yao, na mara nyingi walichosema kinachekesha kuliko ulichoandika.

Kuhusu za Hong Kong. Baada ya umaarufu wa zile mbili za Uys, ya chupa na mwendelezo wake, watengenezaji wa Hong Kong walimchukua N!xau kwenye filamu zao. Ya mwaka 1991 ilimkutanisha na Lam Ching-ying, yule mwigizaji wa kasisi anayepambana na maiti wanaorukaruka. Ya 1993, pamoja na Carina Lau, ndiyo uliyoiona, iliyompeleka mjini kwao. Ya 1991 ina funzo zuri kuliko ya 1993, kwa sababu ndani yake ni watu wa Hong Kong wanaoanguka Afrika kwa miamvuli, na wageni ni wao: kasisi mwenye ujuzi wake kamili, mahali ambapo ujuzi huo haujulikani. Kanuni ileile, imegeuzwa. Unaweza kuiazima kwa dakika tatu za mwanzo wa filamu yako: mchuuzi wa Arusha kambini Yaeda, simu haishiki mtandao, viatu vimejaa miiba, anasaidiwa kila hatua na watu wanaomwonea huruma. Akishachekwa yeye kwanza, mizani imekaa sawa.

Vibali. Bodi ya Filamu Tanzania ndiyo hutoa kibali cha kupiga picha chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, na utahitaji kuiwasilisha filamu ikaguliwe na kupangiwa daraja kabla ya kuionyesha hadharani. Pamoja na skripti peleka barua kwa serikali ya kijiji unakopigia, usiishie kwa mwenyeji mmoja tu. Ukigusa eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, mamlaka yake ina kibali chake. Stendi na sokoni wana uongozi wao, ongea nao siku mbili kabla. Kufunga barabara hata dakika kumi ni suala la polisi wa usalama barabarani. Usipige kwa kujificha: mgambo akija katikati ya shoti ya nne, siku imekwisha.

Malipo na mkataba yaandikwe, yasomwe kwa sauti kwa Kihadza mbele ya wazee wawili, na yataje wazi: kiwango cha siku, chakula, usafiri wa kwenda na kurudi hadi kambini, matibabu akiumia, na picha yake itatumika wapi, pamoja na mabango na mitandaoni. Kiwango kiwe kilekile cha mwigizaji wako mkuu wa mjini. Mwaka 2017 Baraza la Wasan la Afrika Kusini lilitoa kanuni za maadili kwa watafiti wanaokwenda kwao, zikiwa na maneno mepesi: heshima, uaminifu, haki, uangalizi. Zimeandikwa kwa watafiti, lakini mtu wa kamera akizisoma atajiona humo. Wanalalamikia hasa watu wanaochukua walichofuata na kutorudi. Kwa hiyo filamu ikikatwa kwa mara ya kwanza, kabla ya muziki, beba projekta na jenereta uionyeshe kambini. Kaa nyuma, washa kinasa sauti, andika wanapocheka na wanaponyamaza. Tukio wanaloliangalia kimya huku Arusha wanalicheka, likate.

Wiki yako igawe hivi. Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa vizuri ni karibu dakika moja, kwa hiyo una kurasa 20. Siku sita za kupiga, kurasa tatu na kidogo kwa siku, ya saba ni akiba ya mvua na ya shoti zilizoharibika. Siku mbili za mwanzo ziwe kambini, nyumbani kwake, ili mwigizaji aizoee kamera kwenye ardhi yake. Mjini piga saa 1 hadi saa 4 asubuhi, na saa 10 hadi saa 12 jioni. Saa za katikati jua liko utosini na macho yanakuwa mashimo meusi, zitumie kwa matukio ya ndani. Pima mwanga usoni kwa mgeni, usipime ukuta mweupe nyuma yake, la sivyo kamera itamfanya kivuli. Eneo la Mnara wa Saa lipige Jumapili alfajiri, soko la Kilombero siku ya kazi.

Adui mkubwa wa stendi ni watu kuangalia kamera. Weka kamera mahali dakika arobaini kabla ya kuanza, iachwe wazi, mtu asiishike. Watu huchoka kuiangalia. Shoti pana ndizo zianze, na zile za karibu, zinazovuta umati, ziwe za mwisho, au zipigwe pembeni mbele ya ukuta wa rangi ileile. Maiki ndogo ishonewe ndani ya nguo, mbali na shanga kwa sentimita kumi angalau, maana shanga hugonga na kelele zake hazitoki. Kila mahali rekodi dakika moja ya sauti ya mahali tupu, watu wako wote wamenyamaza. Bila hiyo, kila ulipokata patasikika.

Mwisho wa hadithi upange sasa, kabla hujapiga chochote. Katika filamu ya chupa, mtafiti anamlipa Xi noti kwa wiki kumi na moja za kufuatilia nyayo, muda uliokuwa umebaki wa kifungo chake. Xi anaziacha chini, hazimfai kitu, na watazamaji wanafurahi kwa usafi wa moyo wake. N!xau mwenyewe alilipwa kidogo sana kwa filamu hiyo. Uys aliporudi kumtaka kwa ya pili, iliyotoka mwaka 1989, alidai mamia ya maelfu ya dola, akaeleza kwamba anataka nyumba ya matofali yenye umeme na pampu ya maji kwa familia yake. Baadaye alilima mahindi, maboga na maharage na kufuga ng'ombe, hadi alipofariki Tsumkwe Julai 2003.

Kwa hiyo mtu wako akifika kwenye kibanda cha chai na kukuta dumu lake limekuwa chungu cha mchaichai, mwenye kibanda amlipe. Apokee, asogee kando, azihesabu taratibu, noti moja moja, kisha azirudie tena. Halafu arudi, anyooshe kiganja. Imepungua mia tano.